Ncha Nilizozitupa Kapuni

Swali moja lilininyima usingizi: seli zikikataa kugawanyika mbele ya mkurugenzi wa shule, nitabaki na kazi? Nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia, nikitaka aone kromosomu zikigawiwa seli mbili sawasawa. Nikatayarisha mizizi ya kitunguu. Ncha zilionekana chafu, nikazikata nikazitupa.

Mkurugenzi akachungulia kwenye hadubini. "Mwalimu, mi sioni kitu inagawanyika."

"Ni hadubini," nikasema. "Iliharibika wakati wa mapigano."

Zaina, mwanafunzi ambaye mama yake huuza vitunguu sokoni Cibitoke, akatazama kapu la taka. "Mwalimu, muzizi inakulia ku ncha. We umetupa penye inakulia."

Mkurugenzi alikuwa tayari kuamini kuwa kosa ni la vita. Sote tulivisingizia kwa kila kitu. Nikamwambia hadubini ni nzima, kosa ni langu, kisha nikapiga magoti mbele ya darasa kuokota ncha zangu kapuni.