Pamba Kati ya Magoti ya Selina

Dada Selina Agutu anasuka nywele mbele ya chumba chake, hapa hapa uani kwetu Igogo. Hana saluni wala kioo kikubwa. Ana kiti kifupi cha mbao, mkeka, kopo la vitana, na mdomo. Mteja anakaa chini kwenye mkeka, kichwa chake kinabanwa katikati ya magoti ya Selina, na kuanzia hapo hatoki mpaka kazi iishe. Akisuka anaongea. Atakwambia nani kahama, nani kaolewa kwao Shirati, nani kanunua kabati lisilopita mlangoni, na wewe utasahau kwamba unavutwa ngozi ya kichwa. Mwanangu Princess, ambaye kwangu analia akiona kitana tu, kwa Selina anasinzia.

Selina ndiye aliyemchukua Pamba. Wapangaji wa chumba cha mwisho walipohamia Geita walimwacha mbwa wao, dume jeupe lenye manyoya mengi kama godoro lililopasuka. Mbwa wa Igogo tunawajua, manyoya mafupi, mbavu nje. Huyu hata macho hayakuonekana. Kwa kuwa tulimwona mnene, makombo tukawa tunawapa wale waliokonda. Selina mwenyewe alimwekea kidogo tu, akisema huyu akiba anayo.

Manyoya yakaanza kujisokota. Tumboni mabonge, nyuma ya masikio mabonge, shingoni ndiyo usiseme. Akaanza kunuka, wateja wakawa wanakaa kwenye mkeka wameziba pua. Halafu Ijumaa moja Princess alimkumbatia shingoni kama alivyozoea, Pamba akaunguruma na kumtolea meno. Hakumng'ata. Lakini mimi ni mama, nilimnyakua mwanangu, na Bibi Wilhelmina, mwenye nyumba wetu, alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama.

Bibi Wilhelmina hapigi kelele. Alisema mara moja tu kwamba mbwa anayenuka tungemvumilia, ila anayetaka kung'ata watoto hapana. Jumapili akitoka misa atakuja na Ngosha, yule anayebeba mizigo mwaloni, kule yanakoshushwa mitumbwi ya samaki, na gunia. Hakuna aliyeuliza gunia lingeishia wapi. Ziwa liko pale chini, na mawe Mwanza hayakosekani.

Mimi sikumtetea Pamba. Nilimtazama Selina, nikaona hanilaumu, na hilo ndilo lililonichoma.

Jumamosi asubuhi alisema shida ni manyoya, na manyoya ni kazi yake. Tukampeleka ziwani, tukamsugua kwa sabuni ya unga, kama tunavyosugua kila kitu pale, mazulia, masufuria, watoto. Akarudi anang'aa. Jua lilipomkausha, yale mabonge yakakaza yakawa magumu kama kandambili. Selina akaenda kuazima mashine ya kunyolea kwa Revocatus, kinyozi wa barabarani, ambaye alikuja mwenyewe kuilinda. Ikanguruma, ikala manyoya kidogo, ikakwama, ikawa ya moto. Pamba akaruka na kujificha nyuma ya pipa la maji. Revocatus aliinusa mashine yake, akasema mbwa yule anyolewe kwa panga, akaondoka. Majirani walicheka mpaka wakashika ukuta.

Selina akakaa kwenye kiti chake kifupi, akajipangusa mikono kwenye kanga. Kisha akaniuliza, "Mama Princess, hivi mteja akija kaloweka kichwa kabla ya kufumua, mimi namfanyaje?"

Nikamwambia anamfukuza, tena kwa maneno.

"Sasa leo nani anifukuze mimi?"

Hakumfuata Pamba nyuma ya pipa. Alitandika mkeka, akatandaza magoti, akaanza kuongea, kwa ile sauti yake ya kazi. Alimweleza mbwa habari za shangazi yake aliyemkataa bwana harusi kwa sababu ya viatu. Baada ya muda pua ikatokea upande wa pipa. Halafu kichwa. Pamba akaja pole pole, akaketi kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti, kama msichana anayesukwa kwa ajili ya harusi ya dada yake.

Selina alipaka mafuta ya alizeti kwenye bonge la kwanza, akaligawa kwa vidole, akalichambua kwa mkia wa kitana, kuanzia nchani, si kwenye shina. Lililokubali kufumuka alilifumua. Lililokataa alilikata kwa mkasi, kidole chake kikiwa kati ya mkasi na ngozi. Hakumnyoa kipara. Aliacha urefu kama wa pingili ya kidole, maana jua letu lingemchoma. Mimi nilishika miguu. Manyoya yakarundikana kando yetu, na kadiri yalivyorundikana ndivyo mbwa alivyopungua. Mgongo ukatokea, kisha mbavu, moja moja. Niliona haya kuzitazama, kwa sababu najua makombo yetu yalikwenda kwa nani.

Shingo aliiacha mwisho. Alipoigusa tu, Pamba akaunguruma vilevile kama Ijumaa, nami nikaiachia miguu. Selina hakuacha kuongea wala hakupandisha sauti. Shangazi alikuwa ameshafika kanisani. Alichambua unyoya kwa unyoya, akitia mafuta, akingoja, akichambua tena. Halafu akanyamaza. Nikajua kuna kitu, kwa sababu Selina hanyamazi.

"Njoo uone," akasema.

Ndani ya manyoya kulikuwa na uzi wa wavu, ule wa nailoni, umezunguka shingo na kuzama kwenye nyama. Chini yake kidonda, na ile harufu yote ilitoka pale. Labda alijinasa mwaloni akipekua mabaki ya dagaa. Vyovyote vile, kila mtoto aliyemkumbatia alikuwa anamkaza uzi ule.

Selina alipenyeza mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi za rasta. Uzi ukakatika. Pamba akashusha pumzi ndefu, akalaza kidevu kwenye paja lake. Tulimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikamsongea ugali na dagaa, akala akilisukuma sufuria mpaka likagonga ukuta.

Jumapili Bibi Wilhelmina aliingia uani na kitenge chake cha kanisani, Ngosha nyuma yake na gunia begani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, huku macho yake yako kwenye mkeka. Palikuwa na mbwa mwembamba mweupe, macho meusi mawili, masikio yamesimama.

"Na huyu mmemtoa wapi?" akauliza. "Nasema mmoja aondoke, ninyi mnaongeza wa pili?"

Ngosha alishaanza kuchungulia nyuma ya pipa, anamtafuta yule mnene. Selina akatoa uzi kwenye kopo la vitana, akauweka kiganjani mwa bibi, akamweleza ulikotoka. Bibi Wilhelmina aliuvuta kwa vidole kupima ugumu wake, akajigusa shingo.

Princess alikuwa ameshika mkono wangu. Akaniangalia. Nikamwachia mkono.

Alitembea hadi kwenye mkeka akamkumbatia Pamba shingoni, chini kidogo ya kidonda, kama nilivyomfundisha asubuhi. Pamba akamlamba sikio, na mwanangu akacheka kile kicheko chake cha kutekenywa.

Bibi Wilhelmina akakunja ule uzi, akaufunga kwenye pindo la kitenge.

"Ngosha," akasema, "hilo gunia lisitoke bure. Zoa manyoya yale."

Ngosha akajaza gunia pomoni, akalitupia begani kwa nguvu za mzigo wa mwaloni, nusura aanguke kinyumenyume kwa wepesi wa gunia lenyewe. Uani tulicheka mpaka Revocatus akaja kuona kuna nini. Alipomwona Pamba alimzunguka mara mbili, akauliza mashine gani imefanya kazi ile. Selina akamwonyesha kitana.

Jioni nilimuuliza kile kisa cha shangazi na viatu kiliishaje. Akaniambia nimuulize mteja, akamnyooshea Pamba kitana.