Bi Usafi na Ndoo ya Tope

Mtaa mzima ulimwita Bi Usafi, na jina likamkaa. Alikuwa msusi, saluni yake chumba cha mbele cha nyumba, na sakafu ilimeremeta hata nzi akaona haya kutua.

Mumewe alipofukia nyuma ya nyumba mtambo mdogo wa kusafisha maji machafu, fundi aliwaelewesha kwa upole: "Humu ndani, mama, kuna vijidudu. Ndivyo vinavyokula uchafu, maji yatoke ya kumwagilia bustani."

Katika maneno yote hayo, Bi Usafi alisikia moja tu. Vijidudu! Kwake! Fundi alipompa kisogo, akamimina chooni dawa kali ya kuua wadudu, chupa nzima. Saluni nayo ikachangia: rangi za nywele, dawa za kulainisha, shampuu. Kazi ikafana. Vijidudu vikafa vyote, kwa heshima, vikinukia waridi.

Matunda ya usafi yakaonekana upesi. Povu likafurika uani, mchicha ukanyauka, na ikazuka harufu iliyowafanya wateja wakumbuke ghafla kwamba wameacha vyungu jikoni.

"Si unaona? Vijidudu vimezidi," akamwambia mumewe. "Lete dawa nyingine."

Mume, mtu wa amani, akaleta fundi.

Fundi akafunua mtambo, akafunika haraka. "Mama, umewaua wafanyakazi wote. Tuombe tope lenye vijidudu hai kwenye mtambo wenye afya tuanze upya. Mzuri kuliko yote hapa ni wa yule muuza mkaa."

Jirani muuza mkaa! Yule ambaye Bi Usafi alimsengenya kwa kila kichwa alichosuka, kwamba uchafu umemshinda. Akaenda, ndoo mkononi, macho chini.

"Naomba... tope, dada."

"Tope langu mimi?" jirani akapaza sauti, barabara nzima isikie. "Jaza, mwenzangu. Ukipungukiwa, rudi."

Bi Usafi akalibeba mwenyewe, fundi akalimimina mtamboni. Siku zikapita, harufu ikakatika, maji yakatakata. Lakini fundi akaonya kwamba zile rangi na dawa za saluni hata vijidudu havizimalizi. Hupenya ardhini, na kisima kiko hatua chache tu. Bi Usafi akanuna, kisha akaziacha, akabaki na kusuka. Wateja wa rangi wakahama wakisonya.

Muuza mkaa, yeye, akahamia saluni hapo. Huja na mikono yake myeusi, hupita foleni nzima, hukaa kitini, na Bi Usafi humuuliza anataka mtindo gani.