Siku Niliyokataa Kubisha

Naomba mcheke sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kukatishwa. Mimi, Luhende wa Marambo, mfugaji ninayeheshimika mpaka mnadani, nimewahi kupiga mayowe ya kuokolewa kwenye maji yaliyonifika kiunoni, mchumba wangu anatazama.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilimpenda Somoe wa Ruangwa, naye akanipenda, ila baba yake, mzee Hamisi, mkulima wa korosho, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana (sisi wafugaji tuliokuja juzi kutoka kanda ya ziwa tuna sifa moja tu kwa wenye mashamba, na si nzuri). Mzee aliwahi kuwa baharia, na mpaka leo ni mwanachama wa klabu ya mashua za tanga kule Lindi. Siku moja akaniuliza, "Nyie watu wa ziwani, tanga mnalijua?" Badala ya kusema ukweli, kwamba ziwa nimeliona nikinywesha ng'ombe tu na kuogelea sijui, nikajibu, "Mzee, nimekulia humo!" Akafurahi, akasema Jumamosi twende wote Lindi, na Somoe na shangazi yake waje kutazama.

Jumamosi upepo ulikuwa hafifu, mashua inajivuta tu karibu na ufukwe. Mzee akashika usukani, mimi akanipa kamba ya tanga dogo la mbele, wala hakunielekeza kitu (utamwelekezaje mtu aliyekulia humo?). Mbele yetu mashua ya wanachama wenzake ilikuwa imetia nanga, wanakula pilau.

"Bisha!" mzee akasema.

Nikashtuka. Nimbishie mkwe mtarajiwa? "Sibishi, mzee."

"Nimesema bisha!"

"Siwezi kukubishia, baba, haki ya Mungu!" Nikaikaza ile kamba kwa adabu zote alizonifundisha mama.

"Wee kijana, bisha, tunagonga!"

Sasa ningejuaje kwamba kwa mabaharia kubisha ni kugeuza chombo ili upepo uje upande wa pili, na kwamba mwenye kamba anatakiwa kuilegeza, si kuikaza? Tukaenda kugonga polepole, polepole kiasi kwamba mama mmoja kule alipata muda wa kuondoa sahani zote na kufunika sufuria. Nikainuka kuisukuma ile mashua, mguu mmoja huku, mwingine kule, mashua zikaachana, suruali ikapasuka, nikatumbukia. "Nakufa! Somoe, nakufa!"

"Simama!" Somoe akapiga kelele kutoka ufukweni. "Simama tu!"

Nikasimama.

Nilitoka majini nikajifunga kanga ya shangazi, nikijua mke nimemkosa, na roho iliniuma kweli. Nikamwambia mzee ukweli wote, wa ziwa, wa tanga, wa kuogelea. Akaanza kutetemeka. Nikadhani hasira, kumbe kicheko.

"Watoto wangu wote wananibishia," akasema akijifuta machozi. "Wewe nimekuomba mwenyewe, mara tatu, umekataa! Lete wazee wako. Ila ukifika kwangu, bisha hodi. Hiyo bisha unaijua?"

"Naijua, baba."

Tangu siku hiyo nimeapa, nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata kama anayeuliza ana binti. Wiki mbili baadaye tukaenda Ruangwa na wazee wangu. Mlango tuliukuta wazi, lakini nikabisha hodi hivyo hivyo, na kabla mzee Hamisi hajaitikia karibu nikamsikia huko ndani akicheka.