Kalankoe yangu ilivyonifuata mpaka kambini, Elisabethville

Wakuu, jambo yenu!

Mimi ni nkambo wa Lubumbashi, bibi yenu kabisa, mjukuu ndiye ananichapia. Naona mnauliza humu ni maua gani hayafi ovyo. Jibu ninalo! Na yaliyonipata nayasimulia bila kuongeza chumvi.

Kalankoe. Majani manene, maua mekundu yamebanana.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, tunakaa mtaa wa Katuba, enzi Katanga imejitenga na Kongo. (Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Elisabethville.) Sisi watu wa Kasai tukaanza kufukuzwa nyumba kwa nyumba.

Tukakimbilia kambi ya wakimbizi, na mimba yangu ya kwanza. Kalankoe ikabaki mlangoni.

Jirani yangu Mama Bwalya, mwenyeji wa Katanga, hakutoka hata kutuaga. Niliumia, jamani! Nikasema moyoni, kumbe naye ni mwenzao hao wanaotufukuza.

Siku moja naitwa getini. Ni Mama Bwalya! Amepita vizuizi vya askari, na kwenye kitenge amefunga vijiti vya kalankoe.

"Siku ile bale batu balikuwa kwangu ndani," akasema. "Niliogopa sana, mama. Shika maua yako. Iko muzima."

Nililia, nikacheka, tukakumbatiana mbele ya askari!

Vijiti vilikuwa vimesinyaa. Msiogope, mmea huu unapenda hivyo: kidonda cha mkato kikauke kwanza, ukipanda kijiti kibichi kinaoza.

Nikatoboa kopo la maziwa kwa msumari, nikatia udongo mwekundu na mchanga, maji kidogo tu.

Vikashika vyote!

Nikakata tena, nikagawia majirani, nao wakakata wakagawa. Safu yetu nzima ya mahema ikawa na makopo mlangoni.

Baridi ilipoingia, maua yakafunguka. Mekundu, wakuu! Nilipiga vigelegele mpaka watu wakaja mbio wakidhani nimejifungua.

Mtoto naye hakukawia. Msichana. Wakwe wakataka jina la kwao Kasai.

Mume wangu akaniuliza, "We unataka aitwe nani?"

"Bwalya."

Akamchukua mtoto, akatoka naye nje ya hema, akawaambia wazee wake, "Huyu anaitwa Bwalya."

Nilichojifunza: kalankoe usiinyweshe kama mchicha, na jirani aliyenyamaza usimhukumu kabla hujamsikia.

Haya, nani anayo nyumbani? Tupieni picha, na inayowasumbua niulizeni hapa hapa.