Presha Iliyoandikwa kwa Jina la Mama

Naomba jina langu, la kijiji chetu na la hospitali yasitajwe. Nina miaka arobaini na mmoja, ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa Same mjini, nimeolewa na nina watoto wawili. Mama yangu ana miaka sabini na sita na anaishi huko juu milimani. Ng'ambo ya mfereji anaishi mdogo wake, mama mdogo wangu, aliyetulea kwa kiasi ambacho siwezi kukilipa. Wamefanana mno. Hata mimi, nikiwaona kwa mbali wamejitanda khanga, husubiri kwanza nione ni nani anayechechemea. Anayechechemea ni mama.

Kwa sababu ya goti hilo, mwaka jana mama aliacha kushuka kliniki. Mama mdogo hushuka kila mwezi kuuza tangawizi, akaniambia nisihangaike: angechukua daftari la mama na kadi ya bima anayoitumia kupitia kazi yangu, amletee dawa. Nilimshukuru. Sikuuliza dawa hutolewaje kwa mgonjwa asiyekuwepo. Hilo ni kosa langu, na nalitaja mapema msije mkadhani najitoa lawamani.

Wasiwasi ulinianza wakati wa likizo. Mama, aliyekuwa akimeza kidonge kimoja cha presha asubuhi, sasa alikuwa na dawa za aina tatu, mojawapo mara mbili kwa siku. Kila alipoinuka alishika meza kwanza. Wiki moja kabla ya mimi kufika alikuwa ameanguka jikoni na sufuria ya makande.

"Ni uzee tu," alisema. "Kwani wewe hutazeeka?"

Nilifungua daftari. Kila mwezi presha ilikuwa juu, na kila baada ya mwezi au miwili daktari alikuwa ameongeza dawa. Wazo lililonijia halikuwa jema: kwamba anaandika dawa nyingi kwa kuwa mgonjwa ana bima.

Nilikwenda kumwona nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimkuta kijana mpole. Alisema presha hiyo inamsumbua hata yeye.

"Mama yako namwambia kila mara apunguze chumvi. Ananijibu nikaoe kwanza, ndipo nimfundishe kupika."

"Anakujibu wewe?"

"Anakaa hapo hapo ulipokaa. Mwezi uliopita alituletea tangawizi."

Nilipaswa kusema wakati ule ule. Nikaifikiria kadi iliyotoka kazini kwangu, nikamfikiria mama mdogo, mzee wa kanisa, akiitwa kujieleza. Nikasema asante, daktari, nikatoka.

Jumamosi nilipanda na mashine ya presha ya kuazima. Ya mama ilisoma tisini na nane kwa hamsini na nane. Nikavuka mfereji. Mama mdogo alikuwa akiosha tangawizi kwenye karai.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwalimu. Leo umekuja na mkoba wa unesi?"

Nilimuuliza bila kuzunguka ni nani anayepimwa kliniki. Hakuacha kuosha.

"Nesi anataka mkono, nampa mkono. Bila kupimwa hawatoi dawa. Ulitaka dada akose?"

"Lakini wanayoandika ni presha yako."

"Mimi sina presha. Ni jua la huko chini na foleni. Yule daktari ana daftari la dada, anajua anachofanya."

Nilimwomba mkono. Alisitasita, akanipa. Mia na themanini na mbili kwa mia na nne. Aliitazama namba ile, akaufungua mkanda mwenyewe.

"Mashine yako mbovu," alisema, akarudi kwenye karai.

Nimejaribu kulitazama jambo hili kwa haki. Mashine ilikuwa ya kuazima, na nilipima mara moja tu. Huwafundisha wanafunzi wangu kwamba namba moja haithibitishi kitu. Lakini daktari amemwambia usoni, mwezi baada ya mwezi: mama, presha yako iko juu. Aliyasikia kwa niaba ya dada yake tu? Au, kwa kuwa yeye hana bima, alitaka kuijua hali yake bila kuandikwa popote? Nilihesabu vidonge vya mama nikilinganisha na daftari. Hakikupungua hata kimoja. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa anaviiba. Anamletea dada yake vyote, na yeye hamezi chochote.

Nilipomweleza mama, hakushangaa.

"Najua anapimwa yeye. Tulikubaliana," alisema. "Ukimtia mdogo wangu aibu, na dawa zako uchukue."

Nimemsihi ashuke nami kwa gari la kukodi akapimwe mwenyewe. Atakubali nikiahidi kutomtaja mdogo wake. Nikiahidi, huenda mama akapunguziwa dawa, na presha ya mama mdogo ibaki haina mwenyewe. Nikisema yote, sijui kadi, kazi yangu na hata yule daktari vitaishia wapi, wala kama wazee wengine wanaotuma ndugu na madaftari yao hawatafungiwa mlango. Kumpunguzia mama dawa kwa akili yangu sithubutu. Mimi si daktari. Na bado najiuliza kama sikumshuku daktari, kisha mama mdogo, kwa kosa lililoanza kwangu.

Jana mama mdogo alinipigia simu kwa sauti yake ya siku zote: "Mwalimu, daftari la dada umelichukua wewe? Jumanne nashuka."

Ninalo hapa mezani. Nikimrudishia, mama ataongezewa dawa nyingine. Nikimnyima, nitakuwa nimemwondolea sababu pekee inayomkalisha mbele ya daktari. Ninyi mnaosoma, hasa mnaouguza wazazi na mnaofanya kazi hospitalini, nishaurini: kabla ya Jumanne, nifanye nini?