Maharage ya Siku ya Posa

Emerensiana aliingia jikoni mwa nyumba ya wageni ya serikali pale Sumbawanga akiwa msichana wa kumenya viazi, akatoka humo akiwa mama mwenye nyumba yake na watoto wake, siku ile jengo lilipouzwa kwa mfanyabiashara na wapishi wote wakaambiwa wakapumzike. Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alikunja aproni, akaagana na mlinzi getini, akarudi kwake Chanji kufuga nguruwe.

Lakini ujuzi haustaafishwi. Katika miaka yake ya jikoni alikuwa amefundishwa mapishi mengi na mama mmoja wa Kizungu wa mradi wa maji, na katika yote aliyofundishwa, moja lilimkaa moyoni: maharage ya kuvikwa bekoni. Kila ilipokaribia Krismasi, wakati ukungu unapolala juu ya mahindi machanga na watu wanavaa masweta mchana, alichukua nyama ya tumbo la nguruwe wake, akaisugua chumvi na sukari, akaiacha kwenye beseni mpaka itoe maji yake yote. Kisha aliitundika juu ya meko ipigwe moshi wa magunzi ya mahindi. Ikishakauka na kuwa ya hudhurungi, alinoa kisu na kuikata vipande virefu, vyembamba kama utepe.

Maganda machanga ya maharage aliyachuma mwenyewe kwenye bustani ya bondeni. Aliyachagua yaliyolingana urefu, akayatumbukiza kidogo tu katika maji yanayochemka, akayatoa kabla hayajapoteza ukijani wake. Aliyafunga vitita vidogovidogo, kila kitita na kijiti cha karoti katikati, akakizungushia utepe wa bekoni. Ncha ya utepe aliilaza chini ili kitita kisifunguke. Tanuri hakuwa nalo, lakini alikuwa na sufuria pana, na makaa chini na juu ya mfuniko. Vikiiva, aliviweka kwenye sahani nyeupe, vimelala kwa safu kama watoto kitandani, na mtu wa kwanza kuviona daima alivitazama kwanza kabla ya kunyoosha mkono.

Krismasi ya mwaka tisini na sita haikuwa ya kawaida nyumbani humo. Binti yake, Bertha, alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kisukuma aitwaye Kashinje, mnunuzi wa mahindi kule Laela. Zamani mahindi ya Ufipa yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, serikali. Sasa wanunuzi walikuwa wengi kama ndege wa ulezi, na huyu Kashinje, badala ya kununua gunia na kwenda zake, alirudi kwa baba yake Bertha mara nyingi kuliko magunia yaliyokuwepo. Watu wake walikuwa wafugaji, waliohamia na ng'ombe wao bonde la Ziwa Rukwa kutoka Shinyanga. Walituma neno kwamba watapanda kuja kuposa siku ya Krismasi yenyewe, baada ya misa.

Mume wa Emerensiana, Alois, alikuwa mtu mpole, lakini kwa mila za mama yake hakupindika. Katika ukoo wao neno la posa halikutamkwa mgeni akiwa na njaa. Wageni walikula kwanza, wote katika sinia moja, na mgeni aliyekigusa chakula cha mama wa binti kisha akakiacha alihesabiwa kuwa ameikataa nyumba. Dada yake mwenyewe, Rhoda, aliwahi kuvunjiwa posa kwa sababu mshenga alipeleka mkono kwenye sinia akaurudisha mtupu. Baadaye ilijulikana kwamba jino lilikuwa likimuuma. Ilikuwa imechelewa.

"Sasa wewe uwapikie ng'ombe," Rhoda alimshauri wifi yake. "Msukuma na ng'ombe, basi."

"Wifi, mtu mwenye zizi lile umwandalie ng'ombe?" Emerensiana alijibu. "Ni sawa na mimi kwenda kwao wakanipa ugali mtupu. Nitawapa wasichokipata kwao."

Basi akapika. Vitita vya maharage na bekoni vikawa sahani ya heshima katikati ya sinia. Kuku aliwakaanga kwa mafuta ya nguruwe, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mafuta ya nyumba ile. Kabichi nayo ikapitia humo humo. Wali aliutia kijiko cha mafuta hayo hayo ili usigandane. Alipofunika sufuria ya mwisho alijiona kama mtu aliyemaliza kujenga.

Wageni walifika wametapakaa tope la barabara, wamebeba dumu la samli. Kashinje alibaki nje na vijana, kama ilivyompasa. Aliingia mama yake, Minza, mjane mnene mwenye kicheko cha karibu, na nyuma yake mzee mrefu aliyevaa koti la majira ya baridi lililofika magotini. Aliyetarajiwa kuwa mshenga alikuwa mjomba wa kijana, Yonas, lakini malaria ilimlaza Laela. Mahali pake alikuja huyu, Mzee Ngeleja, kaka wa marehemu baba yake Kashinje.

Emerensiana alipiga magoti kuwasalimu, akapokea samli kwa mikono miwili, akarudi jikoni. Alikuwa anaanza kupanga sinia Alois alipoingia. Alois hakuwa na desturi ya kuingia jikoni.

"Mama Bertha."

"Bado kidogo, Baba Bertha. Nipange tu."

"Usipange. Yule mzee ni Msabato. Mzee wa kanisa kabisa."

Emerensiana aliiweka sahani chini. Wasabato hawali nguruwe, hilo alilijua tangu enzi za nyumba ya wageni. "Umejuaje?"

"Nilimwambia leo misa ilikuwa ndefu, akasema kwao ibada ndefu ni ya Jumamosi, tena yeye ndiye anayeiongoza."

Alois akarudi kwa wageni, maana wageni hawaachwi peke yao.

Rhoda ndiye aliyechangamka kwanza. Alisogea, akainua kitita kimoja, akakigeuzageuza. "Yavue makoti haya. Utoe hii nyama, ubakize maharage na karoti. Nani atajua?"

"Yameshakunywa mafuta, wifi."

"Mafuta yana jina?"

"Na kuku? Na kabichi? Na wali?"

Rhoda alifunua sufuria moja baada ya nyingine kama anayetafuta mtoto aliyejificha, akazifunika tena. "Yesu na Maria," alisema. "Umemweka nguruwe mpaka kwenye wali."

Kisicho na nguruwe kilikuwa ugali wa ulezi tu, nao hauliwi bila mboga.

"Basi nyamaza," Rhoda akanong'ona, na safari hii hakuwa anatania. "Nisikilize mimi ninayejua. Akila bila kujua, dhambi si yake. Akijua asile, posa imekufa na Bertha atakaa hapa kama nilivyokaa mimi. Peleka sinia, ufunge mdomo."

Emerensiana alimtazama. Alijua wifi yake hasemi kwa ubaya. Alimwona pia Bertha dirishani, amesimama uani na gauni lake la maua, anajifanya anamwagilia maua siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Lakini alifikiri: huyu mzee atakuwa baba mkwe wa mwanangu. Siku moja mtu atamwambia, maana hakuna jiko lisilo na mdomo. Na Bertha ndiye atakayekuwa kule bondeni siku hiyo, peke yake, mbali na mimi.

Akafuta mikono, akavaa kanga safi juu ya ile iliyochafuka, akaenda sebuleni bila sinia.

Alipiga magoti mbele ya Mzee Ngeleja. Alois aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Baba, nisamehe. Nimepika kwa furaha na sikuuliza. Chakula changu chote kina nguruwe. Nyama yake iko kwenye maharage, na mafuta yake yako kwenye vyote vingine. Sitaki ule kitu kwangu usichokijua. Lakini usihesabu kwamba nyumba hii imekudharau, wala binti hana kosa."

Mzee Ngeleja alimtazama, akamtazama shemeji yake Minza, kisha akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa lile koti refu. Alitoa kitambaa kilichofungwa, akakifungua juu ya magoti. Ndani mlikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma huweka akiba.

"Mama," alisema, "inuka. Inuka tafadhali, utanifanya nilie. Kijana aliniambia njiani kwamba nyumba hii inafuga nguruwe. Tangu Laela sijapata raha. Nilikuwa najiuliza nitakataaje chakula cha mama mwenye binti, na nitaitafuna wapi hii michembe. Nilifikiria hata chooni!"

"Ndiyo, aliniambia," Minza akadakia, na kicheko kikamtoka kabla ya maneno kwisha. "Nikamwambia, shemeji, chooni watu watakusikia unavyotafuna, hiyo michembe ni migumu kama mawe!"

Alois alicheka kwanza kwa pumzi tu, kisha kwa sauti. Emerensiana aliinuka.

"Mzee," alisema, "michembe hiyo uirudishe mfukoni. Nipe muda kidogo."

Alirudi jikoni karibu anakimbia. Maganda ya maharage yalibaki konzi kadhaa kwenye ungo. Rhoda alikwishaelewa kabla ya kuambiwa, tena alikuwa anapuliza moto. Tatizo lilikuwa sufuria, maana kila chombo cha mboga kilikuwa kimeonja nguruwe. Emerensiana alizungusha macho, akachukua sufuria ndogo ya kuchemshia chai ambayo haijawahi kuona hata kitunguu, akaisugua kwa jivu ingawa ilikuwa safi. Utepe wa bekoni sasa haukuwepo, basi alichuma majani marefu ya kitunguu, akayalainisha kwa maji ya moto, akafungia vitita vya maharage na karoti kwa fundo dogo. Akachota samli ya wageni wenyewe, akaviviringisha humo mpaka vikang'aa.

"Vimependeza hata zaidi," alisema Rhoda.

"Usiniudhi," alisema Emerensiana, lakini alikuwa anatabasamu.

Baada ya hapo alimwita Alois mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sinia zitakuwa mbili. Mila ya mama yako utanisamehe."

Alois alikuna kidevu. "Mama alisema wale pamoja. Hakusema sinia zisigusane." Akazibeba mwenyewe, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu, kingo zimeshikana, akaketi mahali zinapokutana ili mkono wake ufike kote kuwili.

Mzee Ngeleja aliomba kimya, akavunja tonge la ulezi, akachukua kitita cha kwanza. Alikitafuna polepole. Emerensiana, aliyesimama kwenye pazia, alikuwa akimchungulia.

"Samli yetu imefika nyumba nzuri," mzee alisema, akachukua cha pili. Kisha akatazama sahani ya upande wa pili. "Na haya mengine yamevaa nini?"

"Makoti, mzee," alisema Alois. "Huku kuna baridi."

"Nimeona! Mimi nimedhani nimekuja na koti peke yangu, kumbe hata maharage ya Ufipa yanatembea nayo."

Minza hakuwa na nafasi ya kucheka. Yeye Sabato haikumhusu, na alikuwa katika kitita ambacho hakuna aliyejua ni cha ngapi, mafuta yakimmetameta kidevuni.

"Shemeji," Ngeleja akamwonya, "wabakizie wenye nyumba."

"Wewe ulikuja na chakula mfukoni, shemeji. Mimi nilikuja na tumbo."

Sinia zote mbili zilirudi jikoni hazina kitu. Hapo ndipo mzee aliponawa, akajifuta, akakaa sawasawa na kusema lile neno lililomleta: kwamba wameona nyumba hii ina moto, na wao wanaomba kaa. Alois aliita jina la Bertha. Bertha aliingia, miguu imelowa maji ya maua, akapiga magoti. Baba yake akamuuliza, kama inavyoulizwa, iwapo anawafahamu watu hawa na iwapo chakula chao, yaani mahari yao, kitalika katika nyumba hii.

"Nawafahamu, baba. Kiliwe."

Vigelegele vilianzia jikoni, kwa Rhoda, ambaye hakungoja mtu amruhusu. Huko nje vijana walimpigapiga Kashinje mgongoni mpaka akakohoa.

Emerensiana alikaa kwenye kigoda kando ya meko. Aliyanyoosha magoti yake kuelekea kwenye joto. Kuku alikuwa amebaki paja moja kwenye sufuria, akalichukua kwa mkono, akala bila sahani, bila haraka, na lilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Sebuleni Minza alikuwa anauliza kwa sauti kubwa mama mwenye nyumba yuko wapi, aje akae na watu. Akaitika, akasema anakuja, akaendelea kula.