Yotamu na Habari ya Mwalimu Jailos

Gazeti la kila Jumamosi la pale Iringa mjini lilikuwa na kurasa nne, na tangu mwaka 1953 mwandishi wake alikuwa mmoja tu, Yotamu. Yeye ndiye aliyezunguka sokoni akitafuta habari, na yeye ndiye aliyepanga herufi za risasi za kupigia chapa moja moja mpaka vidole vikawa vyeusi. Watu walimwita Bwana Gazeti, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Wiki moja ya mwaka 1955 ukurasa wa mbele ulibaki na nafasi. Fundi cherehani mmoja alikuwa amemwambia kwamba Mwalimu Jailos wa Kalenga ameanguka darasani mbele ya watoto, povu mdomoni. Kwa baiskeli Yotamu angefika Kalenga na kurudi kabla ya chakula cha mchana, lakini mvua ilikuwa inanyesha. Hakwenda. Aliandika kwamba mwalimu alikuwa amelewa chakari, akaongeza na harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo hakuna aliyemtajia. Gazeti lile liliisha lote kabla ya saa sita.

Jumatano iliyofuata mwanamke mmoja mwenye tope miguuni alisimama mlangoni. Alisalimu kwa Kihehe, kamwene, akasema yeye ni Benedicta, mke wa mwalimu. Akatoa gazeti ndani ya kanga, akaliweka mezani.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Nisomee wewe uliyeandika, baba."

Yotamu akasoma. Alipokaribia ulanzi alitaka kuruka, lakini Benedicta alikwisha kusomewa na majirani, akamwambia asiruke. Alipomaliza, Benedicta akamweleza kwamba mumewe hajawahi kuonja pombe. Ana kifafa tangu utotoni, nao wamekificha miaka yote kwa sababu watu hudhani kinaambukiza. Sasa amefukuzwa kazi, amekwenda Mbeya kwa kaka yake.

Yotamu alitaka kuandika ukweli wote. Benedicta akakataa: ugonjwa usitajwe. Basi Jumamosi ile yalitoka maneno machache tu, kwamba Mwalimu Jailos hakulewa na kwamba habari ile ilitungwa na Yotamu. Aliweka na jina lake. Wasomaji wengi walidhani ametishwa.

Mwezi uliofuata alipanda basi kwenda Mbeya. Alimkuta Jailos kwenye ghala la mbao, akitia alama za chaki kwenye mbao. Jailos alimpa mahali pa kukaa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Uliandika vizuri sana, bwana," alisema taratibu. "Ndiyo maana waliamini."

Akaichukua tena chaki yake. Wakati wa kurudi, basi liliposimama Nyololo na abiria wakashuka kula, Yotamu alibaki kwenye kiti, akijifanya amelala.

Gazeti lilifungwa mwaka 1958. Siku ya kuagana watu waliisifu kalamu yake, naye akainamisha uso mpaka walipomaliza. Tangu hapo alipiga chapa kadi za harusi na nyimbo za kanisa, hakuandika tena habari ya mtu yeyote. Jailos hakurudi kufundisha.